Blanketi Lililokunjwa Mara Tatu

Jumatatu, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, mwanamke anayetunza vifaa vya jukwaani, ambaye chuo kizima kinamwita Dada wa Stoo, alifungua mlango wa mbele wa ukumbi wa mazoezi akasimama palepale. Harufu ya karatasi iliyoungua ilimpokea kabla hajawasha taa. Hakupiga kelele. Alitoa simu akapiga picha ya jukwaa zima, kama alivyofanya kila asubuhi na kila jioni kwa miaka tisa, ndipo akapanda ngazi.

Jukwaani kulikuwa na selo ya mbao. Kuta tatu zilizopakwa rangi ya saruji, mlango wenye kidirisha upande wa kushoto, mkeka, blanketi la kijivu lenye namba ya mfungwa, ndoo ya bati. Ukuta wa nne haukuwapo, maana upande huo ndio uliotazama viti vya watazamaji. Ndani ya ndoo mlikuwa na majivu. Dada wa Stoo aliweka kiganja juu yake akahisi joto. Katikati ya majivu kilibaki kipande cha jalada chenye nusu ya muhuri wa gereza.

Alikijua kipande hicho. Wanafunzi wa mwaka wa pili wa sanaa za maonyesho walikuwa muhula mzima wakisoma tamthilia moja kuhusu maisha ya wafungwa, na mtihani wao ulikuwa kuicheza Jumatano mbele ya wageni. Wao walisomea nakala zilizopigwa chapa. Daftari lenyewe, lililoandikwa kwa mkono gerezani na mfungwa aliyefia humohumo, lilikuwa moja tu duniani, na lilifungiwa kwenye kabati la chuma katika ofisi ndogo ya Mwalimu, hatua sita kutoka jukwaani. Kabati lilikuwa wazi.

Dada wa Stoo alirudi mlangoni kuita watu. Kwenye benchi la korido, mikono juu ya magoti, alikuwa bado ameketi mzee aliyeitwa Sabini, ambaye alimpita wakati akiingia.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi, mzee wangu?"

"Tangu saa kumi na mbili na dakika ishirini."

"Na ndani ameingia nani?"

Sabini alitazama sakafu. "Mimi nimekaa hapa," alisema.

*

Sajenti wa upelelezi alifika saa mbili na nusu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mjane, mwenye daftari dogo la mfukoni na viatu visivyotoa sauti. Mkuu wake wa kituo alikuwa ameshampigia simu mara mbili akiwa njiani.

"Si nasikia yupo mfungwa hapo?" mkuu alisema. "Sasa unapeleleza nini? Mlete saa kumi jioni tufunge kazi."

Ilikuwa kweli. Sabini alikaa gerezani miaka ishirini na mitatu. Alitolewa kwa masharti, na masharti yalikuwa yamebakiza miezi kumi na moja. Shtaka lolote, hata dogo, lingemrudisha ndani. Mwalimu alimwalika aje awafundishe wanafunzi jinsi mfungwa anavyokaa, anavyokula, anavyohesabiwa. Jina alipewa na wanafunzi, kutokana na namba yake iliyoishia na sabini, naye hakukataa. Alisema angalau hili limefupishwa.

Sajenti aliketi naye kwenye benchi.

"Mzee, kitabu cha getini kinasema umeingia saa kumi na mbili na dakika kumi na nane. Majivu yalikuwa ya moto saa moja na robo. Katikati hapo ulikuwa peke yako koridoni. Unaona nilivyobanwa?"

"Naona, afande."

"Jana ulimwomba Mwalimu akurudishie daftari, akakataa. Watu wamesikia."

"Niliomba. Akasema nisubiri Jumatano. Kusubiri nimesomea."

"Daftari lilikuwa la nani?"

Kwa mara ya kwanza mzee aliinua uso. "La mwenzangu. Tulilala selo moja miaka kumi na minne. Alipofariki nililishona ndani ya godoro, nikatoka nalo. Hakuacha mtoto wala picha. Mwandiko wake ndio huo uliokuwa humo."

"Basi ulilichoma la nini?"

"Sikulichoma."

"Ulisikia kitu ndani?"

Mzee alirudisha macho sakafuni.

"Ulisikia hatua? Ulisikia funguo?"

"Afande, andika unachotaka. Kule tulikokuwa, mtu hamtaji mtu. Nimeishi hivyo miaka ishirini na mitatu, sitaanza leo kwa sababu ya benchi."

Sajenti alifunga daftari lake. Aliwahi kuhoji waongo wengi, na waongo humwaga maneno. Huyu alikuwa anayabana kama mtu anayebana kidonda.

*

Ndani, Dada wa Stoo alikuwa akimsubiri, amekunja mikono kifuani.

"Afande, mzee wa watu hakuingia humu. Nitakuambia kwa nini, ucheke ukitaka. Yule hafungui mlango."

"Hafungui vipi?"

"Hafungui. Mlango ukiwa umefungwa, anasimama mbele yake hadi mtu mwingine aufungue. Miaka ishirini na mitatu hajashika kitasa. Mlango wa choo chetu una kawaida ya kujifunga wenyewe. Siku moja nimemkuta kasimama pale nusu saa, kabanwa. Nikafungua, akasema asante, afande. Mimi, afande, na ufagio wangu."

Sajenti hakucheka. "Kuna mlango mwingine wa kuingilia?"

"Wa nyuma, kupitia chumba cha kuvalia. Una komeo tu. Wote tunaujua."

"Na kabati?"

Dada wa Stoo alionyesha kigingi kando ya selo. Ilining'inia pete kubwa ya funguo. "Hizi ndizo funguo za askari jela kwenye mchezo. Mwalimu alikataa za bandia, alitaka mlio wa kweli. Basi tukatundika za kweli. Ya kabati imo humo. Darasa zima linajua."

"Nionyeshe picha zako."

Kulikuwa na mbili. Ya Jumapili ilipigwa saa kumi na moja na dakika tano jioni, mazoezi yalipokwisha, na ya Jumatatu saa moja na dakika kumi na mbili. Sajenti aliziweka sambamba. Mkeka uleule, ndoo ileile. Aliangalia blanketi.

Blanketi ni kitu alichokuwa na ujuzi nacho. Kubwa hukunjwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, wanakutana katikati. Tangu mumewe afariki alikuwa akikunja peke yake, kidevu kikiwa mkono wa tatu, na kila kona iliyomponyoka ilimkumbusha nani hayupo. Kwa hiyo alitazama mikunjo. Kwenye picha ya jana, namba ilitazama mlango wa selo, na mikunjo ilikuwa minne. Kwenye picha ya leo, namba ilitazama viti vya watazamaji, na mikunjo ilikuwa mitatu.

"Nani huliweka namba ielekee mlangoni?"

"Sabini. Gerezani ndivyo linavyokaa, ili askari asome namba kupitia kidirishani. Mwalimu anataka ielekee watazamaji waione. Walibishana siku ya kwanza. Sasa kila jioni watoto wakiondoka, mzee huligeuza, analikunja upya mara nne. Anasema hawezi kuliacha vile, usingizi hautakuja."

Sajenti alilikunjua taratibu. Ndani kabisa, penye mkunjo wa kati, palikuwa na alama ya moto, ya mviringo, sawasawa na mdomo wa ndoo.

"Limetumika kuzimia moto," alisema. "Halafu likakunjwa vizuri."

"Mtu mwenye haraka akunje blanketi?"

"Hilo ndilo ninalojiuliza."

*

Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu aliyekuwa amelia na kumaliza. Alikuwa ofisi ya majengo ya mbele akisahihisha madaftari tangu saa kumi na mbili na nusu, na karani aliyeketi naye chumba kimoja alithibitisha. Alisema Jumapili, kabla ya kuagana, alilitangazia darasa kwamba daftari lingewekwa kwenye sanduku la kioo siku ya mtihani, likiwa limefunguliwa.

"Ukurasa gani?"

"Wa thelathini na moja. Kisa cha mfungwa aliyenyimwa maji kwenye selo ya adhabu hadi akafa. Kwenye nakala za wanafunzi nimeandika askari, basi. Kwenye daftari askari huyo ametajwa, kwa jina la utani walilomwita wafungwa."

"Wanafunzi wamewahi kuliona daftari?"

"Wiki ya pili. Nililipitisha mkono kwa mkono."

"Ulipotangaza walisema nini?"

"Maswali ya kawaida. Mmoja aliuliza ni ukurasa upi, mwingine akauliza kama kutakuwa na soda."

"Nani na nani?"

"Sikumbuki. Nilikuwa nakusanya nakala." Alifuta miwani. "Niseme jambo moja. Sabini aliwafundisha kutembea, kila mmoja. Wafungwa na maaskari. Isipokuwa mmoja. Alisema huyo anajua tayari. Niliona amemsifu."

"Nani huyo?"

"Tunamwita Kufuli. Anacheza askari jela. Lakini kama unataka mwenye hasira, muulize Radi. Anacheza mfungwa mkuu. Nilimpunguzia maneno Jumamosi, akaniambia mbele ya darasa kwamba bora daftari lenyewe lichomwe moto."

Radi aliingia kama jina lake. Kifua mbele, sauti ya kujaza ukumbi hata alipotoa salamu.

"Nilisema, ndiyo. Nimesema na mengine, hamjayasikia tu. Mtu amekukatia mistari ishirini na sita, umshukuru?"

"Leo saa kumi na mbili hadi saa moja ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya jiko. Napiga mazoezi ya sauti."

"Nani alikuona?"

"Kunisikia kunatosha. Muulize mpishi, amenitukana mpaka ukoo."

Mpishi alipoulizwa alisema, "Yule? Tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka nakoroga chai anamlilia mama yake aliyekufa, na mama yake mzima, alikuja juzi. Nilimwambia hama au ule hewa."

Kisha akaja Kufuli. Kijana mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Alisema alikuwa bwenini amelala. Chumba chake analala peke yake. Hana marafiki wengi, aliongeza bila kuulizwa.

"Andika jina lako hapa," Sajenti alisema, akimpa kalamu.

Kijana aliandika. Alishika kalamu kati ya kidole cha shahada na cha kati, kidole gumba akiwa amekikunja ndani ya kiganja. Mwandiko ulitoka umepinda.

"Wazazi wako watakuja Jumatano?"

"Baba," alisema Kufuli. "Amestaafu. Anasema hajawahi kuona mchezo."

"Alikuwa akifanya kazi gani?"

"Ya serikali."

Aliondoka. Sajenti alimsikiliza akitembea koridoni. Hatua tatu, kituo, kisigino cha kushoto kikaburuzika. Alipopita mbele ya benchi, Sabini alivuta miguu ndani na kuinamisha kichwa. Hakufanya hivyo kwa mwingine yeyote asubuhi ile.

Simu ililia saa nane kasoro kumi.

"Umeshamfunga pingu?" mkuu aliuliza.

"Bado, mkuu. Nakunja blanketi."

"Unakunja nini?"

"Saa kumi bado haijafika, mkuu."

*

Saa tisa kamili aliwakusanya wote ukumbini: Mwalimu, Dada wa Stoo, Radi, Kufuli. Sabini aliingia wa mwisho, baada ya mlango kufunguliwa. Blanketi lilikuwa limetandazwa jukwaani.

"Nina ombi dogo," Sajenti alisema. "Kila mmoja alikunje, aliweke mahali pake. Mzee, anza."

Sabini alipiga magoti. Mara moja, mbili, tatu, nne. Namba ikatazama mlango wa selo. Alilipapasa mara moja kama mtu anayefunga macho ya maiti, akashuka.

"Radi."

"Hiki ni kipimo cha nini, cha udobi?" Lakini alikunja, mara nne, haraka, namba ikitazama viti. "Ndivyo ninavyofanya tendo la kwanza na la pili. La tatu silikunji, nimeshakufa."

"Kufuli."

Kijana hakusogea. "Mimi ni askari. Askari hakunji blanketi."

"Anakunja," Mwalimu alisema polepole. "Tendo la tatu. Mfungwa amekufa, unaingia peke yako, unakunja blanketi lake. Mara tatu tu, kwa sababu mikono inakutetemeka, huwezi kumaliza. Tumelirudia hilo mara sitini."

"Kunja, kijana," Sajenti alisema.

Kufuli alipanda. Alikunja mara moja. Mara mbili. Mara tatu, akalilaza, namba ikatazama viti. Kidole gumba cha mkono wa kulia alikisimamisha juu muda wote, hakikugusa sufu. Sajenti alimshika kifundo cha mkono, akakigeuza kiganja. Kwenye ncha ya kidole palikuwa na lengelenge kubwa, jeupe, bichi.

"Picha ya jana inaonyesha mikunjo minne, namba mlangoni, kazi ya mzee," alisema. "Picha ya leo inaonyesha mitatu, namba kwa watazamaji. Moshi ulianza kujaa, wewe ukafunika ndoo kwa blanketi, ukaungua kidole. Moto ulipozimika, wewe ulikuwa umesimama jukwaani, blanketi mkononi, mfungwa hayupo. Hukufikiri. Mikono ilifanya ilichozoezwa. Mwizi wa kawaida angelitupa chini akakimbia. Wewe ulilikunja ukaliweka wazi kwa viti vitupu."

Kufuli alikaa juu ya mkeka. Uso wake haukuwa wa askari tena.

"Nyumbani wanamwita Baba hivyo," alisema. "Hilo jina la kwenye daftari. Mama anamwita hivyo, shangazi wanamwita hivyo. Mimi nilidhani ni jina la utani la mpira. Wiki ya pili daftari likanifikia mkononi, nikalisoma. Siku tatu bila maji. Na kwamba aliketi nje ya mlango akinywa chai. Baba hunikatia kucha mpaka leo nikienda likizo. Nilikuwa nikipika uji nikiwa mdogo anausifia mbele ya wageni. Jumatano angesimama mbele ya kioo kile na watu wote wakisoma. Nilitaka ukurasa mmoja tu. Ukakataa kutoka, umeshonwa. Nikachoma lote."

"Ndiyo maana uliuliza ukurasa upi," Mwalimu alisema.

"Ndiyo."

"Na ulipomwona mzee amekalishwa benchi," Sajenti aliuliza, "na askari wamekuja, na unajua atarudi ndani, ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Ulikaa nje ya mlango," Sajenti alisema.

Radi, ambaye kila mara alikuwa na la kusema, aliangalia viatu vyake.

Sajenti alimgeukia Sabini. "Ulijua."

"Nilimjua siku ya kwanza alipokatiza jukwaa," mzee alisema. "Mwendo ule nimeusikia nje ya selo yangu miaka tisa. Kisigino kile nitakijua nikiwa kaburini. Nikajiuliza, mtoto ana kosa gani, amerithi miguu. Leo asubuhi nikausikia tena ndani, na funguo. Nikajua. Sikujua anachoma nini. Mwenzangu alikuwa akiandika kwa penseli tuliyoificha kwenye sabuni. Herufi zake ndogo, ili karatasi isiishe. Usiku alinisomea kwa kunong'ona. Maneno mnayo kwenye nakala zenu. Mimi nilikuwa na ule mkono wake."

Kufuli alisema, "Nisamehe, mzee."

"Sijui," Sabini alisema. "Usinisukume." Kisha akauliza, "Baba yako bado anakuja Jumatano?"

"Kama nitaruhusiwa kucheza."

Sabini alimtazama Sajenti. "Afande, aandikwe kila alichofanya, sikatai. Ila mwombee acheze. Alikunje lile blanketi mbele ya baba yake, mara tatu. Mimi nitakaa mstari wa mbele, kiti cha pembeni yake. Sitamtaja, sitamsalimia. Atageuka aone aliyeketi, na ataelewa bila kioo."

Sajenti alitoa daftari lake. Penye mstari wenye neno mshukiwa alikata jina la kwanza akaandika la pili, akaweka saa: tisa na dakika arobaini. Shauri la Jumatano alimwachia Mwalimu, na Mwalimu, baada ya kufikiri, aliinamisha kichwa kukubali. Kijana alichukuliwa maelezo akiwa ameketi kwenye mkeka wa selo, maana hakuna aliyekumbuka kumpa kiti.

*

Saa kumi na nusu ukumbi ulikuwa mtupu. Sajenti alikusanya kalamu zake, akageuka kuondoka, akamkuta Sabini amesimama mbele ya mlango wa mbele. Upepo ulikuwa umeufunga. Mzee alisimama wima, mikono kando, hatua moja kutoka kwenye kitasa.

"Kuna mtu wa kukupokea nyumbani, mzee?"

"Hakuna, afande. Mwenye nyumba hunifungulia akirudi kazini. Nakaa nje mpaka aje."

Sajenti alitaka kusema, fungua wewe, ni mlango tu. Alinyoosha mkono akaufungua.

"Asante, afande," Sabini alisema, akatoka, akashika njia ya getini bila kugeuka nyuma.

Saa kumi na mbili jioni Sajenti alifika kwake. Ufunguo alikuwa nao mkononi, tayari. Uani kulikuwa na blanketi kwenye kamba, lililokuwa likisubiri kukunjwa. Alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe, hatua moja kutoka kwenye kitasa, na kwa kitambo hakuuingiza ufunguo. Alisikiliza kama kuna mtu upande wa pili anayekuja kumfungulia.